Mbayuwayu wa Gusii: mgeni wa nani?

Mwalimu mmoja wa shule ya upili katika kaunti ya Nyamira ameniuliza swali linaloonekana dogo. Wanafunzi wake walikumbana na neno 'mbayuwayu' katika kifungu cha ufahamu. Wakafungua kamusi, wakaambiwa ni ndege mdogo afananaye na kijumbamshale. Wakatafuta 'kijumbamshale', wakarudishwa kwa mbayuwayu. Mmoja akadokeza kuwa nyanyake wa Mombasa humwita 'barawai'. "Profesa," anaandika mwalimu, "tumezungushwa tu. Hawa ni ndege wangapi? Na yule anayejenga kwa tope chini ya paa la ofisi yetu ndiye yupi?"

Naam, swali zuri. Ningeweza kulijibu kwa sentensi mbili, lakini ndani yake mna historia ya bara mbili, ya dini, ya kamusi zetu na ya ardhi ya Gusii yenyewe. Kwa hivyo msomaji anivumilie.

Tuanze na ndege wenyewe, maana lugha isiyotazama vitu huishia kuzunguka ndani ya kamusi. Ukisimama karibu na soko la Keroka, Nyamira mjini au chini ya Mwamba wa Manga mwezi wa Novemba, mvua ya vuli ikiwa imenyesha na kumbikumbi wanatoka, utaona juu yako ndege weusi wadogo wakikata hewa huku na huko, midomo wazi, wakila wadudu hukohuko angani. Kwa mbali wote ni wamoja. Kwa karibu, la.

Wa kwanza ni yule ambaye wanasayansi humwita Hirundo rustica, jina alilopewa na Linnaeus, msomi wa Uswidi, mwaka 1758. Mgongo wake ni buluu iliyokolea na kung'aa, koo na paji vina wekundu wa kutu, kifuani ana ukanda mweusi kama mshipi, tumbo ni jeupe, na mkia una nyuzi mbili ndefu. Uzito wake ni takribani gramu 20, yaani vijiko vitano vidogo vya sukari. Huyu ndiye msafiri. Anaingia Kenya kuanzia mwezi wa Agosti na Septemba, na wengi huondoka kufikia Aprili. Hatagi hapa kwetu hata yai moja. Hutaga Ulaya na Asia.

Wa pili anafanana naye mno, ila tumbo lake ni la kijivujivu kama moshi, wekundu wa koo unateremka hadi kifuani, na mkia wake ni mfupi. Huyu haendi popote. Ni mwenyeji wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, na hujenga kikombe cha tope chini ya mapaa, madaraja na makalvati. Kwa maelezo aliyonipa mwalimu, mpangaji wa ofisi yao ni huyu. Jina lake la kitaalamu? Hirundo angolensis, 'mbayuwayu wa Angola'! Mreno mmoja, Barbosa du Bocage, ndiye aliyemweleza mara ya kwanza kwa maandishi mwaka 1868, akitumia ndege aliyetolewa Angola. Basi ndege aliyezaliwa chini ya paa la Mgusii, akafia hapohapo, vitabuni anatembea na kitambulisho cha Angola. Mwenye kalamu ndiye mwenye kupanga majina.

Wapo pia mbayuwayu wenye michirizi tumboni, ambao kiota chao hakifanani na kikombe bali na kibuyu chenye shingo ndefu ya kuingilia. Hao wana masaibu yao: wakimaliza tu kujenga, mara nyingi huja ndege mwingine, mwenye kiuno cheupe na mabawa kama mundu, akawatoa na kuhamia humo bila kulipa kodi.

Mnyang'anyi huyo ndiye kijumbamshale. Na hapa ndipo kamusi zinapotupoteza. Kijumbamshale si ndugu wa mbayuwayu hata kidogo, licha ya wote wawili kula wadudu angani. Mbayuwayu yumo katika kundi la ndege waimbaji, pamoja na shomoro na chozi. Kijumbamshale yumo katika ukoo mwingine kabisa. Jina la kisayansi la jamii yake, Apus, lina asili ya Kigiriki na maana yake ni 'asiye na miguu'. Miguu anayo, ila ni mifupi na dhaifu kiasi kwamba hawezi kutua kwenye waya au tawi. Hung'ang'ania ukuta tu. Kwa hivyo kipimo ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tatu atakiweza: ukimwona ametua kwenye waya wa stima, huyo si kijumbamshale. Kiswahili kilimtendea haki kwa kutia 'mshale' ndani ya jina lake, maana angani anaonekana kama mshale uliofungamana na upinde. Ni wanakamusi waliokuja baadaye wakamtupa kapu moja na mbayuwayu.

Sasa tuje kwenye majina. Abagusii humwita ndege yeyote 'enyoni', wingi 'chinyoni'. Mgĩkũyũ husema 'nyoni', Mganda 'ennyonyi', na Mzulu kule kusini 'inyoni'. Kiswahili nacho kilikuwa nalo na bado kinalo: 'nyuni'. Utalikuta katika lahaja za kaskazini na katika ushairi. Katika Kiswahili cha kila siku limesukumwa pembeni na 'ndege', neno ambalo leo limebeba mengi mno: kiumbe chenye manyoya, chombo cha kwenda Dubai, na hata bahati au ishara ya jambo lijalo. Mtoto wa Kisii anayesema 'enyoni' nyumbani na 'ndege' shuleni hajui kwamba neno la nyanyake ndilo la kale zaidi, na kwamba Kiswahili kina ndugu yake kabatini.

'Mbayuwayu' halikufika Gusii kwa njia ya mapaa. Lilifika kwa njia ya kitabu. Wamishonari Wakatoliki walifungua kituo Nyabururu mwaka 1911. Waadventista walikuwa wametangulia kutua Gendia, upande wa Waluo, mwaka 1906, kabla ya kupanda milima hadi Nyanchwa. Kutokana na mkondo huo, kwa muda mrefu Abagusii wengi waliokuwa Waadventista walisoma neno la Mungu na kuimba kwa Dholuo, jambo ambalo vijana wa leo hawaliamini ukiwasimulia. Katika lugha hiyo mbayuwayu ni 'opija'. Baadaye kikaja Kiswahili cha shule na cha kanisa, na Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, ambamo mbayuwayu ametajwa katika Zaburi ya 84, akiwa na kiota karibu na madhabahu, na katika Yeremia sura ya 8, akiwa miongoni mwa ndege wanaojua majira yao ya kuja. Hivyo Mgusii aliweza kulisikia jina 'opija' akiwa mtoto kanisani, akajifunza 'mbayuwayu' akiwa kijana, na ndege mwenyewe akawa anapita dirishani siku zote hizo bila kuhusishwa na jina lolote kati ya hayo.

Hiyo Yeremia 8 ina utamu wake katika historia ya elimu. Nabii wa Kiebrania, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita, alijua kwamba mbayuwayu huja na kuondoka kwa majira. Israeli iko kwenye njia ya ndege hao, aliwaona wakipita. Lakini huko Ulaya, mahali ndege huyu anapotagia, wasomi walihangaika karne na karne. Aristotle aliandika kwamba baadhi ya mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, wakiwa wamepukutika manyoya. Mwaka 1555 Olaus Magnus, askofu mkuu wa Uswidi aliyekuwa uhamishoni, alieleza kwamba wavuvi wa kaskazini huwavua kwa nyavu kutoka chini ya maji, wakiwa wameshikamana kama donge. Na msinicheke nikiwaambia kwamba Samuel Johnson, yule mwanakamusi mkuu wa Kiingereza aliyechapisha kamusi yake mwaka 1755, naye aliamini hivyo: kwamba mbayuwayu hujiviringisha pamoja, wakajitumbukiza mtoni na kulala chini hadi baridi iishe. Alikuwa Mkristo wa kuhudhuria kanisa, na Yeremia alikuwa amemsoma.

Mimi humtaja Johnson huyo kwa wanafunzi wangu kila nikiwafundisha leksikografia, kwa sababu sisi nasi tuna Johnson wetu. Frederick Johnson ndiye aliyeongoza kazi ya kamusi za Kiswahili zilizotolewa mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha, na kamusi zetu nyingi za baadaye zimesimama juu ya mabega yake. Kazi ilikuwa kubwa na ya kuheshimiwa. Lakini aliyezitayarisha alikuwa akisaka maneno, si ndege. Kwake ilitosha kwamba mbayuwayu, barawai na kijumbamshale ni vijindege vya angani vyenye mabawa marefu. Sisi tuliokuja baadaye, tukiwa na wenyeji, darubini na vyuo vikuu, hatuna udhuru huo.

Kitendawili cha Ulaya kilikuja kufumbuliwa kwa pete. Mdenishi Hans Christian Mortensen alianza mwaka 1899 kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Uingereza ikafuata mwaka 1909, mwaka uleule ambao hapa kwetu ilianzishwa Jumuiya ya Historia ya Asili ya Afrika Mashariki, mama wa shirika la leo la Nature Kenya. Mnamo Mei 1911, mwanasheria John Masefield wa Cheadle, Staffordshire, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake. Desemba 1912 barua ikatumwa London kutoka Natal, Afrika Kusini: ndege mwenye pete hiyo amekamatwa shambani. Basi mzozo ukaisha. Hakuna maji, hakuna mashimo. Ndege wa gramu 20 alikuwa amevuka Sahara na ikweta.

Mwaka wa pete hiyo, 1911, ndio mwaka wa Nyabururu. Mji wa Kisii wenyewe, pale Getembe, ulikuwa na umri wa miaka minne tu kama kituo cha serikali, na ilikuwa miaka mitatu tangu Otenyo amchome mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza, na serikali ikalipiza kisasi kwa moto na bunduki. Hakuna afisa wa wakati huo aliyefikiria kumuuliza mzee wa Bogetutu au wa Kitutu Chache: hawa ndege huja lini, na mnafikiri hutoka wapi? Swali ambalo Ulaya ililihangaikia kwa miaka elfu mbili lilikuwa na mashahidi wa upande wa pili, nao hawakuitwa kizimbani.

Hapo ndipo linapozuka suala la ugeni. Vitabu vyetu vya shule, vikifuata vya Waingereza, husema mbayuwayu 'huhamia Afrika kukimbia baridi'. Yaani kwake ni Ulaya. Afrika ni mahali pa kujibanza. Hebu tuhesabu. Ukiondoa safari zenyewe, ndege huyu hukaa huko kaskazini takribani miezi minne hadi mitano, na huku kusini mwa Sahara nusu ya mwaka au zaidi. Isitoshe, manyoya ya mabawa yake huyabadilisha akiwa Afrika. Yale mabawa yanayoshangiliwa Uingereza mwezi wa Aprili yameota huku, kwa chakula cha huku, na baadhi yake bila shaka kwa kumbikumbi na mbu wa Nyamira. Kwa nini tusiseme kwamba mbayuwayu ni ndege wa Afrika anayekwenda Ulaya kujifungua?

Najua jibu la haraka: kwenu ni pale ulipozaliwa. Na Abagusii wataliunga mkono kuliko watu wengi. Mgusii anaweza kuishi Nairobi miaka 40, awe na jumba Lang'ata na watoto wasiojua Ekegusii, lakini akifa, maiti husafiri usiku kucha hadi Nyamache au Ekerenyo. Nairobi ana nyumba. Nyumbani ni kule. Vilevile kwa wale walio Minnesota, ambako Abagusii ni wengi kiasi cha kuwa na makanisa yao: michango hufanywa, jeneza hupanda ndege. (Kwa njia, mbayuwayu wa Minnesota hawaji huku. Ni aina ileile, lakini wao huteremka Amerika ya Kati na ya Kusini. Anayetarajia salamu za shangazi kupitia kwao atangoja sana.) Lakini hata Abagusii wenyewe ni watu wa kuhama. Mapokeo yao, ambayo William Ochieng' aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1974, yanataja Mlima Elgon, nyanda za Kano na baridi ya Kabianga kabla ya kufika milima hii. Kwa hivyo sioni ni kwa nini lugha itulazimishe kuchagua. Kiswahili kina 'mgeni' na 'mwenyeji', ndiyo, lakini pia kina 'wa kwao kuwili'. Huyo ndiye mbayuwayu.

Turudi ardhini, kwa maana mambo hayajasimama. Karne moja iliyopita nyumba ya Gusii ilikuwa ya mviringo, ya udongo, yenye paa la nyasi linaloteremka chini. Mabati, kuta za mraba, veranda, shule, makanisa na madaraja ya barabara vilimletea mbayuwayu mwenyeji magenge mapya ya kujengea, naye kijumbamshale akapata kuta za mjini badala ya Mwamba wa Manga. Waya za simu na stima zikawapa wasafiri mahali pa kukusanyika kabla ya kuondoka. Hapo maendeleo yalikuwa rafiki yao.

Kwa upande wa chakula mambo ni magumu zaidi. Kahawa iliruhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, wakiwa miongoni mwa wa kwanza nchini. Chai ikafuata na kufunika vilima. Katikati yake palikuwa na pareto, na hili huwa linanichekesha na kunihuzunisha pamoja: kwa miongo kadhaa milima ya Gusii ilikuwa miongoni mwa mashamba makuu ya ua hilo jeupe ambalo kazi yake duniani ni kuua wadudu, na Kenya ikaongoza ulimwengu kwa kulizalisha. Akina mama walichuma kwa mikono sumu ya mbu wa Marekani huku mbayuwayu akipita juu yao akitafuta mbu. Ni haki kusema kwamba sumu ya pareto huvunjika upesi juani na haikai udongoni kama DDT. Malipo yalipochelewa na wakulima wakaing'oa, dawa zilizojaza maduka ya pembejeo baadaye hazikuwa zote za upole huo.

Na kuna tope. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, la wana kwa wajukuu, hadi likawa kijishamba cha kukimu mboga na migomba michache. Walipokosa mahali pengine, watu waliteremka mabondeni. Vinamasi ambavyo zamani viliachwa kwa mafunjo na korongo vimechimbiwa mitaro, vikapandwa mikaratusi inyonyayo maji, au vikageuzwa machimbo ya matofali. Simlaumu mtu mwenye karo ya kulipa. Lakini mbayuwayu hujenga kwa mamia ya vidonge vya tope, kimoja kimoja, akivibeba mdomoni kutoka ukingoni mwa maji, na wadudu anaowala wengi huanzia maisha yao majini au kwenye unyevu. Kinamasi kikikauka, amepoteza jikoni na tofali kwa pamoja. Halafu kiota chenyewe kikipatikana, wapo wanaokiangusha kwa ufagio kwa sababu kinachafua ukuta.

Wakati huohuo wataalamu wa Ulaya wamekuwa wakiripoti kwa miaka mingi kwamba ndege walao wadudu wanapungua huko kwao. Anabanwa ncha zote mbili za safari.

Mimi si mtaalamu wa ndege. Kazi yangu ni maneno, na nina hofu ya pili, kwamba jina litatangulia kabla ya ndege. Wanyama wakubwa wa Gusii walitoweka zamani, lakini majina yao yamesalia kwa sababu koo ziliyabeba: Abagetutu wana chui wao, 'engo', na Abanchari wana kiboko, 'engubo', hata kwa mtoto ambaye hajawahi kumwona kiboko ila yule wa kuchongwa kwa jiwe la Tabaka. Kijindege cha gramu 20 hakina ukoo wa kukibebea jina. Nikiwauliza wanafunzi wangu watokao Kisii waniambie kwa Ekegusii jina la ndege aliyetua kwenye waya nje ya darasa, hujibu 'enyoni'. Nikisema hilo ni la ndege wote, hucheka na kuangaliana.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za kiasili, na mtaala wa umilisi unataka mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha ya eneo lake. Haya ni maagizo mazuri, lakini hayatekelezeki ikiwa mwalimu hana orodha ya majina. Chuo Kikuu cha Kisii kipo palepale mlimani. Kazi ya kuyakusanya haihitaji mamilioni ya pesa. Inahitaji daftari, kinasa sauti na wazee ambao bado wako nasi. Na kamusi zetu za Kiswahili zikichapishwa tena, napendekeza 'mbayuwayu' libaki kwa jamii ya watuao kwenye waya, 'barawai' liandikwe kuwa kisawe chake cha Pwani, na 'kijumbamshale' lirudishiwe ndege wake wa mabawa ya mundu.

Atakayekwenda kukusanya aende Oktoba au Novemba, wasafiri na wenyeji wakiwa angani pamoja. Asibebe picha ya kitabuni, maana picha humfanya mzee abahatishe ili kumridhisha mgeni. Akae naye uani jioni, baada ya mvua, angoje ndege wapite. Aulize anaitwaje huyu, na yule je. Aulize yupi huonekana mwaka mzima na yupi hutoweka mahindi yakiwa bado machanga. Na nyanya asikose kuwapo, kwa sababu ndiye hukaa uani kuwafukuza kuku wasile mtama, na macho yake yamekuwa angani muda mrefu kuliko ya mumewe.